Ardhi ya Kijani Ikitakiwa kwa Majumba: Namna ya Kuitetea

Watu wengi hupata habari za mradi siku wanapoona mabati yamezungushwa na lori la kwanza linamwaga kokoto. Kufikia siku hiyo mstawishaji ameshapita ofisi kadhaa, ameshalipa ada, makaratasi yake yameshagongwa mihuri, na pengine muda wa kumpinga umeshakwisha. Ndiyo maana nasema hili mwanzoni: hatima ya msitu, kiwanja cha mtaa au shamba la kahawa linalotakiwa kugeuzwa mtaa wa ghorofa huamuliwa kwenye karatasi na kwenye kalenda. Maandamano yana kazi yake, nami nitayafikia, lakini maandamano yasiyo na faili nyuma yake huishia kwenye taarifa ya saa moja jioni.

Haya ninayoyaeleza ni ya Kenya, kwa sheria zilivyo Kenya.

Kwanza jua ardhi yenyewe ni ya aina gani

Waingereza wana ukanda wa kijani unaoizunguka London. Ulianza kuwekewa sheria mwaka 1938, na mipaka yake imo kwenye ramani ambayo mkazi yeyote anaweza kuitazama. Nairobi haina ukanda wa namna hiyo. Eneo ambalo kwa macho ni pori moja, kisheria linaweza kuwa vipande vinne: msitu uliotangazwa katika gazeti rasmi la serikali, ukingo wa mto, kiwanja kilichoachwa wazi kwa ajili ya umma, na shamba la mtu binafsi. Kila kipande kina ulinzi wake. Ukitumia hoja ya kipande kimoja kutetea kingine, wakili wa upande wa pili atakumaliza asubuhi ya kwanza.

Msitu wa umma ndio wenye ulinzi mkubwa zaidi. Chini ya kifungu cha 34 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, mipaka yake haibadilishwi kwa barua ya waziri wala kwa agizo la jukwaani. Ni lazima ombi lipelekwe Bungeni, Huduma ya Misitu, KFS, ilipendekeze, ifanywe tathmini huru ya mazingira, na umma uulizwe. Kwa hiyo ukisikia mtu amepewa sehemu ya msitu, swali lako la kwanza liwe fupi: Bunge liliamua lini? Mara nyingi hakuna jibu, na kukosekana kwa jibu tayari ni hoja.

Ukingo wa mto hupimwa kuanzia pale maji yanapofika yakijaa, mita 6 hadi 30 kutegemea upana wa mto. Piga picha wakati wa mvua kubwa, picha inayoonyesha tarehe na kitu kisichohama, kama daraja au nguzo ya stima. Picha ya kiangazi haitakusaidia.

Kiwanja cha wazi ndicho kinachonyakuliwa zaidi, kwa sababu kimezungukwa na nyumba na hakina askari wa msitu. Hapa nitakaa kidogo, maana kuna hukumu ambayo kila kamati ya wakazi inapaswa kuwa nayo kwenye faili. Huko Nyali, Mombasa, kulikuwa na kiwanja kando ya bahari ambacho kiligawiwa mtu binafsi mwaka 1989, kikauzwa, kisha kikauzwa tena. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilibomoa ukuta wake ili wananchi wapate njia ya kwenda ufuoni. Kampuni iliyokuwa na hati miliki ilishtaki, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 21 Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, majaji walisema kwamba hati ni matokeo ya mchakato. Ugawaji wa mwanzo ulikuwa na kasoro, kwa hiyo aliyegawiwa hakuwa na kitu halali cha kumuuzia mwingine, na mnunuzi wa mwisho hawezi kujificha nyuma ya karatasi yake. Kifungu cha 40 cha Katiba chenyewe kinasema ulinzi wa mali haufiki kwenye mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Mstawishaji anayesema "nina hati" hajamaliza mazungumzo. Muulize hati hiyo ilitoka wapi.

Shamba la mtu binafsi ni kazi ngumu zaidi, na ni haki kusema ukweli huo. Mashamba ya kahawa ya Kiambu yamekuwa yakigeuka mitaa kwa miaka mingi. Tatu City pale Ruiru ilijengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa. Mwenye shamba ana haki zake, na huwezi kumwambia asijenge kwa sababu tu mandhari yanakupendeza. Unachoweza kupinga ni kubadilishwa kwa matumizi ya ardhi kutoka kilimo hadi makazi, na hapo hoja zenye nguvu ni maji, majitaka, barabara na mpango wa kaunti.

Tafuta karatasi kabla ya kutafuta kamera

Pata nambari ya kiwanja. Kama huijui, jirani aliye mpakani ana ramani inayoonyesha nambari za pande zote. Ukiwa nayo, omba upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi, au kupitia mfumo wa Ardhisasa kwa maeneo yaliyoingizwa humo. Upekuzi utakuonyesha mmiliki, tarehe ya hati, na kama kuna mkopo au zuio. Kisha nenda ofisi ya mipango ya kaunti uombe ramani ya mtaa ilivyopitishwa mwanzo. Ramani hiyo ya zamani ina thamani kuliko saini elfu, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kwamba pale palipozungushwa mabati paliandikwa uwanja wa michezo au shule.

Wakikuzungusha, usigombane na karani wa kaunta. Andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza utaratibu. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili, sheria inasema hivyo wazi, na ofisi ina siku 21 za kukuamulia. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yako, urudi nayo nyumbani. Siku zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman. Ardhi ikiwa ya umma, tuma nakala pia kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi.

Hesabu siku zako

Anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi hutakiwa kutangaza gazetini na kuweka ubao kwenye kiwanja. Tangazo la gazetini huwa dogo, limebanwa kati ya minada na vyeti vilivyopotea. Ubao nao hupigiliwa pahali ambapo hapasomeki, ukiangalia ndani, au nyuma ya kichaka. Kwa kawaida siku za kupinga ni 14 tu. Kamati ya wakazi iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupitia kurasa za matangazo kila wiki, na mwingine wa kuzunguka viwanja vilivyo wazi akiangalia ubao. Akiukuta, aupige picha siku hiyo hiyo, kwa mbali na kwa karibu.

Tangazo la pili ni la NEMA, mamlaka ya mazingira. Mtaa mkubwa wa nyumba unahitaji ripoti kamili ya tathmini ya athari kwa mazingira, na ripoti hiyo hutangazwa ili umma utoe maoni, mara nyingi ndani ya siku 30. Soma tarehe iliyo kwenye tangazo lenyewe na uifuate hiyo. Kuna hila moja ya kuiangalia sana: mradi mkubwa kukatwa vipande, awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ili kila kipande kionekane kidogo na kipite kwa ripoti fupi isiyotangazwa gazetini. Ukiona nyumba chache zinaombewa kibali kwenye shamba la ekari mia, taja hilo kwenye pingamizi lako na udai mradi mzima utathminiwe kwa pamoja.

Ripoti yenyewe usiiogope kwa unene wake. Anza nyuma. Kwenye viambatisho kuna fomu za maswali ambazo mtaalamu wa mstawishaji aliwajazisha "majirani". Zipitie moja moja. Angalia majina: je, kuna mkazi wa mtaa wenu hata mmoja? Angalia mwandiko: je, fomu kumi zimejazwa na mkono mmoja? Angalia tarehe: je, watu hamsini walihojiwa asubuhi moja? Halafu tafuta orodha ya waliohudhuria kikao cha kushirikisha umma na upige simu kwa wale unaowajua. Ukimpata aliyetiliwa sahihi bila kuwepo, mpeleke kwa kamishna wa viapo aandike hati ya kiapo. Hati tatu za namna hiyo zina uzito kuliko hotuba yoyote.

Nasisitiza hilo kwa sababu ushirikishwaji wa umma ndiko miradi mingi inakoangukia. Wakazi wa Lamu walipopinga mtambo wa makaa ya mawe, Jopo la Kitaifa la Mazingira, NET, lilifuta leseni ya NEMA tarehe 26 Juni 2019, na mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Haukuwa mradi wa nyumba, lakini kanuni ni ile ile. Leseni ilikuwa imetolewa mwaka 2016, kwa hiyo jiandae kwa safari ndefu.

Baada ya hapo soma sura ya maji na majitaka. Linganisha idadi ya nyumba na chanzo cha maji kilichotajwa. Wakisema watachimba visima, uliza kibali cha kuchota maji kiko wapi na visima vya jirani vitabaki na nini. Wakisema majitaka yataingia kwenye bomba la mtaa, iandikie kampuni ya maji uulize kama bomba hilo lina nafasi. Jibu lao, hata la mistari miwili, liweke kwenye faili.

Barua ya pingamizi inavyoandikwa

Barua mia moja zenye maneno yale yale huhesabiwa kama barua moja. Afadhali ishirini, kila mtu na lake. Iwe hivi:

"Mimi ni mkazi wa mtaa huu, na nyumba yangu inapakana na kiwanja nambari hii upande wa mashariki. Napinga ombi la kukibadilisha kutoka kilimo hadi makazi ya ghorofa. Kwanza, barabara ya kuingilia ina upana wa mita sita na ndiyo pekee inayotumiwa na shule na zahanati. Pili, kampuni ya maji imenijibu kwa barua niliyoambatisha kwamba eneo hili hupata maji siku mbili kwa wiki. Tatu, sehemu ya kiwanja iko ukingoni mwa mto, kama picha zinavyoonyesha. Naomba nisikilizwe kabla ya uamuzi kutolewa, na nipewe uamuzi huo kwa maandishi."

Hakuna tusi ndani yake, wala "mabwanyenye", wala siasa. Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Mtu aliyeomba kusikilizwa akapuuzwa ana msingi wa rufaa, na aliyeomba uamuzi kwa maandishi anajua siku zake za kukata rufaa zinaanza kuhesabiwa lini. Usiandike kwamba hamtaki "watu wa aina ile" waje kuishi kwenu. Si haki kwa watu hao, na ni hoja ambayo mstawishaji atafurahi kuisoma kwa sauti mbele ya majaji.

Mlango usiofaa

Kesi nzuri nyingi hufa kwa sababu zilibisha mlango usio wake. Leseni ya NEMA hupingwa NET, ndani ya siku 60. Kibali cha ujenzi au cha kubadilisha matumizi kilichotolewa na kaunti hupingwa kwanza mbele ya kamati ya kaunti ya uhusiano wa mipango ya ardhi, ndani ya siku 14, kabla ya kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hati miliki ya kutiliwa shaka huenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Ukikimbilia Mahakama Kuu na malalamiko ya leseni ya NEMA, utaambiwa rudi ulikopaswa kuanzia, na siku 60 zitakuwa zimeisha.

Unapokata rufaa, omba wakati huo huo amri ya kusimamisha kazi. Usidhani rufaa peke yake italizuia tingatinga. Jaji anaweza kukupa ushindi mzuri mwaka mmoja baadaye, na mti wa miaka themanini umeshageuka mbao.

Huhitaji kuonyesha kwamba wewe binafsi umeumia. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha hasara yake mwenyewe. Kuhusu wakili, Kituo cha Sheria kimekuwa kikisaidia wasio na uwezo tangu miaka ya 1970, na wapo mawakili wanaochukua kesi za manufaa ya umma bila malipo. Watakachokuuliza kwanza ni faili. Ukifika na upekuzi, ramani, picha na barua zilizogongwa muhuri, umeshawapunguzia nusu ya kazi.

Watu, barabara na usalama

Karura ndiyo shule yetu kubwa katika jambo hili. Msitu huo wa takriban hekta 1,000 ulitangazwa rasmi mwaka 1932. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu zake zimegawiwa watu binafsi kwa ajili ya majumba ya kifahari. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walianza kwa barua na maswali, kisha wakaingia msituni kupanda miche. Tarehe 8 Januari 1999 walipokwenda kupanda mti mmoja langoni, wakiwa na wabunge na waandishi wa habari, walishambuliwa na kundi la walinzi. Profesa alipasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi akatia sahihi malalamiko yake kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Angalia mpangilio wake: barua zilitangulia, wanahabari walialikwa mapema, na kitendo chenyewe, kupanda mti, kilikuwa halali na cha amani kiasi kwamba aliyekishambulia alijiaibisha mwenyewe. Nanyi mkitaka kuandamana, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi waarifiwe siku 3 hadi 14 kabla, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Pelekeni barua, igongwe muhuri. Watoto waacheni nyumbani. Mwezi Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipokuwa wakidai uwanja wao. Picha zile zilitikisa nchi, lakini hakuna uwanja unaostahili kununuliwa kwa macho ya mtoto.

Jilindeni pia kwa maneno. Kwenye kundi la WhatsApp na mbele ya kamera semeni kilichomo kwenye karatasi: "hatujaonyeshwa azimio la Bunge", "fomu hii ina jina la mtu asiyeijua". Kumwita mtu mwizi kabla mahakama haijasema hivyo ni kumpa nafasi ya kuwashtaki kwa kuchafuliwa jina. Nakala za faili zikae kwa watu watatu tofauti. Kamati isiwe na mwenyekiti mmoja anayekwenda peke yake kukutana na mstawishaji. Nendeni wawili au watatu, muandike mliyozungumza, muwasomee wenzenu jioni hiyo hiyo. Harakati nyingi zimevunjwa na bahasha moja, au hata na uvumi tu wa bahasha.

Kisha kuna swali ambalo mtaulizwa kila mahali, nalo ni halali: watu wakaishi wapi? Nyumba zinahitajika kweli, na anayepinga mradi bila kulijibu hilo ataonekana anatetea kivuli chake tu. Njooni na jibu. Pale Pangani, Nairobi, nyumba za zamani za jiji zilibomolewa na ghorofa zikapanda mahali pale pale, bila kugusa msitu. Orodhesheni ardhi iliyokwisha kujengwa katika kaunti yenu ambayo imechakaa au imelala, mabohari matupu, mitaa ya zamani ya serikali, muipeleke pamoja na pingamizi. Mipango ya kaunti hupitiwa upya kila baada ya muda na maoni ya umma huombwa. Vikao hivyo huwa vitupu. Nendeni, mkadai kiwanja chenu kichorwe kwenye mpango kuwa eneo la wazi.

Na mkishinda, kitumieni. Karura ilizungushiwa uzio wa umeme na wananchi kwa kushirikiana na KFS, ikafunguliwa mwaka 2011, na sasa watu hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli humo kila siku. Ardhi ambayo watu huikanyaga kila siku ni vigumu kuigawa usiku.

Kama kuna kijani karibu na kwenu ambacho bado hakijaguswa, usingoje mabati. Tafuta nambari yake wiki hii, omba upekuzi, uiandikie kaunti barua ya kuuliza kimeandikishwa kwa jina la nani.